Mti na Nyumba katika Mashariki ya Nairobi

Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali pale palikuwa pa majani na maji. Nyumba za kwanza za maofisa wa reli zilijengwa kwa mbao na mabati, nazo ziliinuliwa juu ya nguzo. Mataruma ya reli yenyewe yalikuwa zaidi ya chuma, maana mti uliolala juu ya ardhi ya nchi hii una adui mdogo asiyechoka, naye ni mchwa. Kwa hiyo ajengaye Nairobi hutazama kwanza mahali mti utakapokaa, ndipo atazame uzuri wake na bei yake. Mti utakaogusa ardhi una sharti zake, na mti utakaokaa darini una zake.

Jambo hili lina uzito zaidi upande wa mashariki wa mji. Magharibi kuna miinuko na udongo mwekundu upitishao maji upesi. Huko ndiko Wazungu walikojitengea makao yao. Waafrika walipewa mashariki, nchi tambarare ya udongo mweusi, ambako leo iko mitaa ya Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na Dandora. Udongo huu hunywa maji ya mvua ukavimba, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Nguzo iliyochimbiwa humo huoza pale inapotokeza juu ya ardhi, mahali ambapo maji na hewa hukutana. Ncha ya juu yaweza kuwa nzima, na ncha ya chini kabisa nzima, lakini kiungo cha kati kimekuwa unga.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Serikali ya mji ilipima viwanja, na watu wakajijengea wenyewe. Wengi miongoni mwa wenye nyumba walikuwa wanawake. Waliijenga nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Nguzo zilisimamishwa ardhini, fito zikafungwa kwa kukingama, udongo ukakandikwa, na juu ya kombamoyo na mapau yakawekwa mabati au madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa.

Ramani ya nyumba ilitoka pwani, lakini mti wa pwani haukuja nayo. Huko Lamu boriti za mikoko zilikuwa zikisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, kwa sababu ni ngumu na mchwa huzishinda kwa taabu. Katika nyumba za mawe za pwani, urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Mjenzi wa Pumwani alitazama nyanda za juu zilizo karibu. Huko palikuwa na muwati, mti wa kigeni ulioletwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi. Muwati hukua upesi, hunyoka, na bei yake ni nafuu. Lakini mchwa huupenda.

Msomaji atauliza, mbona hawakutumia mtarakwa? Mti huo hukua katika milima ya Kenya, na moyo wake mwekundu wenye harufu hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza wala kuliwa. Wenye mashamba waliupasua kuwa nguzo za nyua. Wapo waliozitazama nyumba za udongo wakasema kwamba wenyewe hawakujua kuchagua mti. Mimi sikubaliani nao. Wenye nyumba wale walikuwa na kiwanja bila hati ya kuimiliki ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliona kijiji cha Pangani kikibomolewa, na wengi wa wakazi wake wakihamishiwa Shauri Moyo. Nguzo ya mtarakwa hudumu kuliko ruhusa ya kukaa. Aliyenunua mti wa miaka kumi, huku hajui kama atakuwapo mwaka wa sita, alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa.

Miaka ya 1940 ilileta ujenzi wa namna nyingine. Kaloleni ilijengwa kwa mawe na vigae, na mti ukaondoka ardhini ukapanda darini. Hapo sharti likabadilika: darini, palipo pakavu, adui wa kwanza ni uzito. Vigae ni vizito kuliko mabati mara kadhaa, na paa lake lataka mbao nene zaidi, zilizokaribiana. Darini hata mti usioweza kukaa ardhini hufaa. Podo, kwa mfano, ni mti laini, mweupe, usio na vifundo vingi, mzuri kwa sakafu na makabati; lakini ukiuweka chini penye unyevu utaujutia kabla ya mvua ya tatu.

Misitu ya podo na mtarakwa ilipopungua, saiprasi iliyopandwa na Idara ya Misitu ndiyo iliyotawala. Mradi wa Dandora ulipoanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikusudiwa viwanja 6,000; mwananchi alipewa kiwanja chenye choo na bafu, naye akaongeza vyumba mwenyewe. Kwa wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusimama mbele ya rundo la mbao na fedha mkononi, juu ya ardhi ambayo hakuogopa kufukuzwa.

Kuchagua ni kazi ya macho na mikono. Inua mbao mbili zilizo sawa kwa kipimo: ile nzito mno ni mbichi, na ikipigiliwa darini itakauka humo, ijipinde na kung'oa misumari. Iweke jichoni uitazame kwa urefu kama mtu alengaye shabaha, uone kama imepinda. Kifundo kilicho katikati ya upana wake kina madhara madogo kuliko kilicho ukingoni, maana mbao ikielemewa huvunjika ukingoni kwanza. Vitundu vidogo vyenye unga ni alama ya bungua. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huliwa upesi. Moyo wa mti hustahimili zaidi. Mafundi wengine hupaka oili chafu ya magari, nayo husaidia kwa muda tu. Mbao iliyoshindiliwa dawa kiwandani ni bora, ingawa bei yake huwafukuza wengi.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na katazo likaendelea hadi Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa Julai 2023. Katika muda huo mbao kutoka Tanzania na Kongo zilihitajiwa zaidi, na miti ya mashamba ya watu ikakatwa ikiwa bado michanga. Mti mchanga una moyo mdogo na weupe mwingi.

Leo, katika Umoja, Kayole na Pipeline, nyumba za ghorofa hupanda kwa zege, na mti unaoonekana zaidi ni mkaratusi. Ulipandwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuyapatia magari ya moshi kuni. Ni wenye nguvu, lakini hupasuka na kujipinda unapokauka, kwa hiyo hautakiwi kukaa katika nyumba. Magogo yake husimamishwa wima, mamia kwa mamia, kushikilia zege mbichi kwa majuma machache. Zege ikishikamana hung'olewa, hupakiwa kwenye mkokoteni na kupelekwa jengo la pili, kisha la tatu, na yakiisha kupasuka huuzwa kuwa kuni.