Waraka Uliobadili Sheria ya Linux

Kila programu ya kompyuta ikitengenezwa upya na kutolewa kwa watu, desturi ni kuandamana na karatasi fupi ya maelezo: lipi ni jipya, lipi limerekebishwa, lipi bado ni bovu, na mwenye kuitumia ajihadhari na nini. Karatasi hiyo ndiyo nitakayoiita waraka wa toleo. Mtumiaji mwenye haraka huuruka. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo, kwa kuwa katika programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya asili huwa wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyageuza, waraka wa toleo umepata kuwa mahali pa kutungia sheria. Natoa mfano mmoja, nao ni Linux.

Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta, yaani ile sehemu inayogawa kumbukumbu na muda wa kazi baina ya programu, na kusimamia diski na vyombo vingine. Mnamo Septemba alitoa toleo la 0.01, lenye takriban mistari 10,000, pamoja na waraka wake. Ni waraka mnyofu. Unasema kwamba kiini kimepata kuendeshwa katika mashine mbili tu, na kwamba mwenye kukitaka hana budi kukijenga mwenyewe kutokana na maandishi ya asili. Mwishoni iko sehemu ya kuomba radhi, ambamo wale waliotazamia mfumo uliokamilika wanaambiwa wangoje toleo la 1.0. Walingoja hadi Machi, 1994.

Radhi hiyo haitakuwa ngeni kwa msomaji wa tenzi. Watunzi wetu wa kale walizoea, katika beti za mwisho, kutaja majina yao na tarehe, na kuwasihi wenye elimu wawasahihishe walipokosea. Sidai kuwa desturi moja imezaa nyingine. Nasema tu kwamba mtu atoaye kazi mikononi mwa wenziwe, ili wainakili na kuitengeneza, hujikuta akisema maneno ya namna moja, awe Pate au awe Helsinki.

Walakini waraka wa 0.01 ulikuwa na jambo zito kuliko radhi. Ulimruhusu kila mtu kunakili kiini na kukigawa kwa sharti kwamba maandishi yote ya asili yapatikane, na tangazo la haki ya mtungaji lisiondolewe. Kisha ukaongeza sharti la tatu: asitoze mtu fedha, hata zile za gharama ya kushughulikia nakala. Kwa mwenye kupokea mafaili kwa njia ya mtandao sharti hilo halikuwa na uzito. Lakini mwaka 1991 waliokuwa na mtandao walikuwa wachache mno, na aghalabu ni watu wa vyuo vikuu. Wengine walitegemea disketi, nazo hununuliwa, na mwenye kuzijaza hupoteza saa zake. Kwa hiyo sharti lililowekwa ili kuzuia uchoyo lilikuwa likiwanyima wale wale waliokuwa mbali.

Toleo la 0.12 lilitoka katikati ya Januari, 1992. Sifa zake mpya zilikuwa nyingi. Kubwa miongoni mwake ilikuwa uwezo wa kuhamishia kwenye diski kurasa za kumbukumbu zisizotumika kwa wakati huo, hata mashine yenye kumbukumbu ndogo ikaweza kufanya kazi iliyoizidi. Watumiaji walishangilia hilo, na ilikuwa haki yao. Lakini katika waraka uo huo mlikuwa na mistari michache ambayo kwa maoni yangu inazishinda sifa zote hizo. Torvalds alitangaza kuwa ameombwa kuondoa katazo la fedha, naye amekubali. Kuanzia tarehe 1 Februari kiini kingefuata leseni ya GNU, iliyoandikwa na Richard Stallman wa Marekani, inayoruhusu hata kuuza, mradi mnunuzi apewe maandishi ya asili pamoja na haki zile zile alizo nazo muuzaji. Pana jambo la kuchekesha kidogo hapa: tangu siku ya kwanza kiini hicho kilikuwa kikijengwa kwa chombo cha GNU.

Tazama namna tangazo lilivyotolewa. Wakati huo watu wengine walikwisha kuchangia vipande vya kazi yao wakijua masharti ya zamani. Je, mtu mmoja aweza kuwabadilishia? Torvalds hakujifanya mfalme. Aliandika kwamba hilo ni pendekezo lingojalo kibali cha waliosaidia, na mwenye kinyongo amwandikie. Pasipo hivyo, sheria mpya itaanza. Kimya kilihesabiwa kuwa ridhaa. Mwanasheria mkali atatikisa kichwa, nami sioni kuwa amekosea. Lakini wachangiaji walikuwa wachache, waliojuana, na majuma mawili yaliwatosha kusema.

Matokeo yalionekana upesi. Katika mwaka 1993 Patrick Volkerding alitoa Slackware na Ian Murdock akaanzisha Debian, mikusanyo ambayo watu waliweza kuinakili na kuiuza bila kuvunja sharti.

Leseni hiyo ya GNU ilipotolewa kwa toleo la tatu mwaka 2007, Torvalds hakulipenda. Lakini hata angalilipenda, njia ya 1992 ilikuwa imefungwa. Wenye haki katika maandishi ya kiini walikuwa wamekuwa maelfu, wengine wakiwa makampuni, wengine wasiojulikana walipo, na wengine wamekufa. Hakuna waraka wa toleo ambao ungaliweza kuwauliza wote na kuhesabu kimya chao kuwa ridhaa. Kiini cha Linux kingali chini ya toleo la pili.