Mcheza Kwao Hutunzwa: Historia ya Raga na Watazamaji Wake

Kisiwa cha Manda kinaelekeana na mji wa Lamu, na mlango wa bahari ulio baina yao huvukwa kwa mashua kwa muda mfupi tu. Wasafiri wa leo hukijua kisiwa hiki kwa sababu uwanja wa ndege wa Lamu umejengwa huko. Lakini wataalamu wa mambo ya kale hukijua kwa sababu ya magofu yake. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alichimbua mji wa kale wa Manda, akaona vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka nchi za Ghuba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Bidhaa za mbali zilifika hapa kwa tanga. Nyingine zilikaa katika nyumba za matajiri mpaka zikavunjika na kusahauliwa. Nyingine zilitwaliwa na watu wote, zikawa zao, hata leo hapana anayekumbuka kwamba zilikuwa ngeni.

Michezo nayo husafiri kama bidhaa. Mpira wa miguu uliingia pwani yetu kutoka ng'ambo, ukawa mali ya kila kijiji. Mchezo wa raga nao ulitoka ng'ambo, lakini kwa miaka mingi ulikaa kama chombo cha thamani katika kabati la mwenye nyumba: ulionekana kwa mbali, haukuguswa. Kwa nini? Katika insha hii tutaufuata mchezo huo tangu ulipofika Mombasa hata siku zetu, nasi tutawaangalia hasa watu ambao waandishi wa habari za michezo huwasahau mara nyingi, yaani watazamaji.

Kuna methali isemayo, "Mcheza kwao hutunzwa." Asili yake ni ngomani. Mchezaji akicheza vizuri mbele ya jamaa zake, watu hutokea kumtuza. Lakini angalia kwamba methali haikusema kuwa mchezaji hodari hutunzwa. Imesema mcheza kwao. Tuzo haitokani na ufundi peke yake, bali pia na ujamaa ulio baina ya anayecheza na anayetazama.

Mwenye kutaka kuuona ujamaa huo na atazame mashindano ya mashua yanayofanywa katika mlango wa bahari wa Lamu na Manda. Watu hujipanga ukingoni mwa bandari, na wengine huingia vyomboni wapate kuona karibu. Hapana lango la kulipia, wala viti vyenye nambari. Hata hivyo watu huja kwa wingi, kwa kuwa wanajua tanga lile ni la kijiji gani, fundi aliyeiunda mashua ile ni nani, na nahodha wake ni mtoto wa nani. Hao ndio watazamaji kamili: wanakijua wanachokitazama, na wanaotazamwa ni watu wao. Tuuweke mfano huu akilini tunapoigeukia raga.

Raga huchezwa kwa mpira ulio mrefu kama yai, na kila upande huwa na wachezaji 15. Mchezaji aweza kuuchukua mpira mikononi na kukimbia nao, lakini akitaka kumpa mwenzake kwa mkono hana ruhusa ya kuurusha mbele. Lazima aurushe kando au nyuma. Alama hupatikana kwa kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, au kwa kuupiga teke upite baina ya nguzo mbili, juu ya mti uliokingama. Mpinzani huzuiwa kwa kukamatwa na kuangushwa. Ni mchezo wa nguvu, lakini una sheria nyingi, na asiyezijua huona vurugu tu.

Sheria hizo ziliandikwa Uingereza, ambako chama cha mchezo kiliundwa London mwaka wa 1871. Punde si punde likazuka jambo la fedha. Katika miji ya kaskazini ya Uingereza wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda, na mtu aliyeacha kazi ili akacheze alipoteza ujira wake. Wakati huo huo watu kwa maelfu walikuwa wakilipa kiingilio kuwatazama. Wachezaji wakauliza: ikiwa fedha za langoni zimeletwa na jasho letu, je, si haki turudishiwe angalau ule ujira tulioupoteza? Wakubwa wa chama walikataa. Mwaka wa 1895 vilabu vya kaskazini vikajitenga, na baadaye, mwaka wa 1906, vikapunguza idadi ya wachezaji kuwa 13 ili mchezo uwe wa kasi na wa kupendeza macho. Tarehe 5 Mei 1954 timu za Warrington na Halifax zilikutana katika uwanja wa Odsal, mjini Bradford, na hesabu iliyotangazwa ya watazamaji ilikuwa 102,569. Wengi wao walikuwa watu wa kazi, waliokuja kuwatazama watu wa kazi wenzao. Upande wa pili, ule wa wachezaji 15, uliendelea kukataza malipo kwa miaka 100 kamili, hata mwezi wa Agosti 1995.

Tawi lililoletwa Afrika ya Mashariki lilikuwa hilo la pili, la watu wasiohitaji kulipwa. Mchezo wa kwanza ulioandikwa katika kumbukumbu za Kenya ulichezwa Mombasa mwaka wa 1909, baina ya maofisa wa serikali na walowezi. Kutoka bandarini raga ikapanda bara kwa njia ya reli. Mwaka wa 1923 klabu ya Nondescripts iliundwa Nairobi, na mwaka wa 1953 kikaundwa chama cha raga cha Afrika ya Mashariki. Vilabu vilikuwa vya Wazungu, na viwanja vilikuwa vya vilabu.

Mwaka wa 1955 timu mashuhuri ya British Lions, ikirejea kutoka Afrika ya Kusini, ilipita Nairobi ikaishinda Afrika ya Mashariki kwa alama 39 kwa 12. Ilirudi mwaka wa 1962, ikashinda kwa 50 kwa sifuri. Basi zilinganishe siku mbili hizi: ile ya Bradford mwaka wa 1954, na hii ya Nairobi mwaka mmoja baadaye. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Mwafrika wa Nairobi hakutembea mjini mwake bila kipande, na maelfu walikuwa vizuizini. Timu iliitwa ya Afrika ya Mashariki, lakini wananchi wa Afrika ya Mashariki hawakuwamo katika timu ile, wala hawakuhesabiwa kuwa ndio wenyeji wa sherehe. Mchezo ulikuwa na uwanja, sheria, vikombe na wageni wa heshima. Ulikosa kitu kimoja tu, nacho ni kwao.

Mlango ulifunguliwa na shule. Karibu na wakati wa uhuru wa Kenya, mwaka wa 1963, shule zilizokuwa za watoto wa Kizungu zilianza kupokea Waafrika. Prince of Wales ikawa Nairobi School, na Duke of York ikawa Lenana. Vijana waliotoka sehemu mbalimbali za nchi waliukuta mchezo huo, wakaufunza miili yao, na walipohitimu wakaondoka nao. Mwaka wa 1970 Kenya ikawa na chama chake yenyewe na mashindano ya Kombe la Kenya. Mwaka wa 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda timu ya Mean Machine, nayo ikalitwaa kombe hilo katika msimu wake wa kwanza. Sasa mchezaji alipokimbia na mpira, waliokuwa ukingoni waliliita jina lake kwa matamshi yake ya nyumbani.

Hata hivyo umati mkubwa uliletwa na raga ya aina nyingine, ile ya wachezaji 7. Historia yake yafaa kusimuliwa. Mwaka wa 1883 klabu ya mji mdogo wa Melrose, huko Uskoti, ilipungukiwa na fedha. Mchinja nyama mmoja aitwaye Ned Haig, aliyekuwa mchezaji wa klabu hiyo, alitoa shauri: wapunguzwe wachezaji na muda, ili timu nyingi zicheze siku moja na watu walipie kiingilio kimoja. Yaani mchezo huu ulizaliwa kwa ajili ya watazamaji. Kila nusu ni dakika 7. Uwanja ni mpana na watu ni wachache, kwa hiyo mbio huonekana wazi, na hata mtu asiyezijua sheria hufahamu upesi nani amemshinda nani.

Mwaka wa 1996 yalianzishwa Nairobi mashindano ya Safari Sevens katika uwanja wa barabara ya Ngong. Watu waliongezeka mwaka hadi mwaka, hata mwanzoni mwa miaka ya 2010 mashindano yakahamishiwa viwanja vikubwa vya taifa, Nyayo na kisha Kasarani. Ushindi wa ng'ambo nao uliwavuta watu. Mwaka wa 2009 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji 7 huko Dubai. Tarehe 17 Aprili 2016 iliishinda Fiji kwa alama 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, chini ya mwalimu Benjamin Ayimba. Mwaka huo huo timu za wanaume na za wanawake zilicheza katika Olimpiki ya Rio.

Wakati huo mchezo ulikuwa umekwisha toka Nairobi. Mashindano ya wachezaji 7 ya vilabu huzunguka miji, kama Kisumu, Nakuru na Mombasa. Kakamega, mji wenye shule iliyopata sifa katika raga, ni maskani ya klabu ya Kabras iliyosaidiwa na kiwanda cha sukari. Mwaka wa 2016 klabu hiyo ililichukua Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza. Uganda ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka wa 2007, na mwezi wa Julai 2025 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mashindano ambayo Zimbabwe ilishinda, ikapata nafasi katika Kombe la Dunia la 2027. Ulimwenguni nako watazamaji wanabadilika: tarehe 27 Septemba 2025 watu 81,885 walihudhuria fainali ya dunia ya wanawake huko Twickenham, London.

Lakini yafaa tuwe waangalifu na hesabu. Umati wa sikukuu si sawa na umati wa kila juma. Mtu aweza kwenda uwanjani kwa ajili ya muziki, chakula na marafiki. Muziki ukinyamaza, naye huondoka. Mchezo wa kulipwa hauwezi kuishi kwa watu wa namna hiyo peke yao. Mchezaji huhitaji ujira mwezi baada ya mwezi, na ujira huo hutegemea watu watakaokuja hata siku ya mvua, timu yao inaposhindwa.

Hapa ndipo pwani yetu inapouliza swali lake. Raga ya Kenya ilianzia Mombasa, lakini mavuno yake makubwa yalipatikana bara, kwa kuwa huko ndiko zilikokuwa shule zilizoifundisha. Mtoto wa Manda aweza kuiona katika televisheni, lakini haoni humo mtu wa kwao. Je, bahari na uchache wa watu ndio kizuizi? Fiji ni nchi ya visiwa, na watu wake hawatimii milioni moja. Hata hivyo, miezi minne baada ya kushindwa na Kenya huko Singapore, iliitwaa dhahabu ya Olimpiki huko Rio, nayo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kupata kuingia nchi ile. Mchezo ule uliletwa Fiji na Waingereza kama ulivyoletwa kwetu. Tofauti ni kwamba vijiji viliutwaa mapema. Kwa hiyo udogo wa kisiwa si hoja. Hoja ni mwalimu, mpira, mahali pa kuchezea pasipo mawe, na jamaa watakaokuja kutazama.

Basi, msomaji, utakaposoma gazetini kwamba maelfu walihudhuria mchezo fulani, usitosheke na idadi. Uliza walioketi ni nani, walioachwa nje ni nani, na anayecheza ni mtoto wa nani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokujulisha kama mchezo ule utadumu, au kama ungali mgeni aliyekaribishwa kwa siku moja.