Viambatishi vya Vipimaji vya Bodi za Mikroprosesa kama Ushahidi wa Kihistoria: Kanuni za Utambuzi kwa Utafiti wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Makala haya yanajenga hoja kwamba, katika historia ya teknolojia ya Tanzania, kiambatishi cha kipimaji cha zamani kina thamani kubwa ya kiushahidi kuliko kipimaji chenyewe. Mfano unaotumika ni Fluke 9010A, kipimaji cha Kimarekani cha mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Fundi alichomoa mikroprosesa kutoka katika soketi ya bodi, kisha akachomeka mahali pake plagi ya waya bapa uliotoka katika kisanduku kidogo. Ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na mikroprosesa ya aina ileile, iliyosoma na kuandika katika kumbukumbu ya bodi kwa amri ya kipimaji ili kubaini hitilafu. Kila aina ya mikroprosesa ilihitaji kisanduku chake. Hivyo, kipimaji huthibitisha kwamba karakana ilitengeneza bodi; kisanduku hubainisha zilikuwa bodi za aina gani.

Utambuzi una hatua 3. Kwanza ni lebo: majina kama 9000A-Z80 na 9000A-6502 hutaja mikroprosesa husika. Pili ni idadi ya miguu ya plagi. Miguu 64 huelekeza kwenye mikroprosesa kama 68000, ilhali miguu 40 haitoshi, kwani 8080, Z80 na 6502 zote zina miguu 40. Tatu, kisanduku hufunguliwa na namba iliyochapwa juu ya mikroprosesa iliyomo husomwa. Hatua hii ina uzito wa pekee: 8080 huhitaji volti +5, +12 na −5, ilhali Z80 hutumia +5 tu. Kukosea ni kuhatarisha bodi ambayo huenda ndiyo pekee iliyosalia.

Historia ya nchi huongeza uzito huo. Wizara ya Fedha ilianza kutumia kompyuta mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mwaka huohuo Intel ilitoa 8080. Enzi ya mikroprosesa, basi, iliikuta nchi imefunga mlango wake rasmi, na kumbukumbu za forodha pekee haziwezi kueleza ni bodi zipi zilizofika mikononi mwa mafundi.

Kwa mtafiti wa Kibiti na delta ya Rufiji, hewa ya chumvi ya mikokoni hubandua lebo na kulisha kutu miguu ya plagi. Hatua ya tatu ndiyo itakayotegemewa zaidi. Aidha, chuma chakavu huuzwa kwa kilo. Waya bapa ukishakatwa kwa ajili ya shaba yake, uhusiano wa plagi na kisanduku hupotea. Inapendekezwa, kwa hiyo, vipande vyote vipigwe picha na kuorodheshwa pamoja kabla ya kuhamishwa.