Lori la Euro 5 au Euro 6: Chunguza mfumo wa moshi kabla ya kununua

WASAFIRISHAJI wanaoagiza malori yaliyotumika kutoka Ulaya hawana budi kuchunguza mfumo wa kusafisha moshi kabla ya kulipa fedha, kwani ubovu wake unaweza kulilaza gari gereji hata kama injini ni nzima.

Malori hayo hupangwa kwa viwango vya Umoja wa Ulaya viitwavyo Euro. Euro 3 ilianza mwaka 2000, Euro 4 mwaka 2005 na Euro 5 mwaka 2008, huku Euro 6 ikiwa ya lazima kwa malori yote mapya ifikapo 2014.

Euro 3 iliruhusu gramu 5 za oksidi za naitrojeni kwa kila kilowati-saa. Euro 5 ilishusha kiwango hicho hadi gramu 2, na Euro 6 hadi gramu 0.4.

Lori la Euro 3 kwa kawaida halina chujio la masizi wala tangi la AdBlue, hivyo fundi wa kawaida hulimudu. Malori yaliyofuata yanaweza kuwa na kimoja au zaidi kati ya vifaa vitatu vinavyopaswa kueleweka.

Cha kwanza ni vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la uunguaji. Vali hiyo huziba kwa masizi.

Cha pili ni chujio la masizi, ambalo hujisafisha kwa kuyachoma kwenye joto kali, wakati mwingine linalofikia nyuzi 600 za Sentigredi. Majivu yanayobaki hayaungui, hivyo chujio hufunguliwa na kusafishwa kila baada ya muda.

Cha tatu ni mfumo wa AdBlue, mchanganyiko wa urea asilimia 32.5 na maji safi. Ukinyunyizwa kwenye moshi wa moto, hugeuza oksidi hizo kuwa naitrojeni na mvuke wa maji.

Kwa kawaida AdBlue hutumika lita 4 hadi 6 kwa kila lita 100 za dizeli. Safari inayokula lita 500 za dizeli huhitaji lita 20 hadi 30, na ni busara kuzipakia kabla ya kuondoka.

Ikiisha, kompyuta hupunguza nguvu ya injini. Lori la Euro 6 linaweza kufungwa lisizidi kilomita 20 kwa saa, jambo la hatari kwa gari lenye mzigo katika barabara kuu.

Mbolea ya urea iliyokorogwa na maji ya bomba si mbadala. Uchafu wake huziba nozeli na kuharibu kichocheo. AdBlue halisi nayo huharibika mapema ikiachwa juani.

Dizeli ni suala jingine. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, ilhali Euro 6 ilibuniwa kwa dizeli ya sehemu 10. Dizeli ya vidumu vya kando ya barabara huongeza hatari.

Mnunuzi anashauriwa kusoma kumbukumbu za hitilafu kwa kompyuta, kuuliza chujio lilisafishwa lini na kuhakikisha mfumo haujazimwa kinyemela. Baada ya kununua, atumie oili yenye majivu kidogo iliyoelekezwa na mtengenezaji.

Madereva nao wasiache injini ikinguruma kwa saa nyingi kwenye foleni, mfano mpakani Tunduma, kwa kuwa moshi usio na joto la kutosha hujaza chujio masizi.

Baadhi ya wamiliki huamua kuuondoa mfumo huo. Gharama yake huwaangukia madereva, utingo na wakazi wa kando ya barabara: mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kwa msafirishaji asiye na uhakika wa AdBlue, dizeli safi na fundi mwenye kompyuta, ni heri kuahirisha ununuzi wa Euro 6 hadi avipate.