Pikapu Iliyonyanyua Pua: Stori Iliyoanza Shambani Ikaishia Kwenye Sheria

Umeshawahi kuiona pikapu tupu kwa ubavuni? Mkia juu, pua chini, kama inanusa lami. Wengi tunadhani springi za mbele zimechoka. Kumbe wala, imetoka hivyo kiwandani.

Leo wadau tupige stori ya hiyo pua. Imeanzia shambani, imepita jangwani, imefika mpaka mezani kwa gavana. Na katikati yake kuna mtu alipoteza maisha.

Turudi 1925, Marekani. Wakulima walishazoea kuchukua gari dogo la Ford Model T na kulipachika boksi la mzigo kwa nyuma, kila mtu na fundi wake. Aprili mwaka huo Ford wakaamua kuitoa wenyewe, boksi likiwa limefungwa kiwandani, bei dola 281. Aliyeinunua hakuwa anatafuta muonekano. Alikuwa na magunia.

Na magunia ndo yamefanya pikapu nyingi mpaka leo zitoke na mkia juu. Nyuma kuna springi za majani, zimepandishwa makusudi. Ukipakia mzigo zinashuka, gari linakaa sawa. Yaani ule mkia uliopanda ni nafasi ya mzigo ambao bado haujapakiwa.

Sasa shida ilianza pikapu ilipohamia mjini. Jamaa hana gunia hata moja, ana spika na washkaji wanne. Anaongeza jani la springi nyuma, au anaweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, gari linapanda. Akisogea pembeni kuliangalia, pua ndo imezama zaidi! Usiku taa zinamulika hapo hapo karibu badala ya kufika mbali.

Hapo ndo ikaja kazi ya kuinua mbele ili gari likae levo. Fundi anapima kwa futi kamba kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, mbele na nyuma, tofauti anayoipata ndo anayoitafutia dawa. Kwenye gari lenye koili mbele anaweka spesa juu ya shokapu. Na hapa wengi wanaliwa: shokapu imekaa ndani kuliko tairi, kwa hiyo spesa ya inchi 1 inaweza kuinua gari karibu inchi 2. Ukiweka ya inchi 2 ukidhani umepata 2, umepitiliza.

Hilux za zamani nyingi zilikuwa na mtindo mwingine. Badala ya koili, mbele kulikuwa na chuma kirefu kinachojisokota. Fundi anakaza bolti, pua inapanda, hununui chochote. Tamu, ila ina bei yake: tairi linabaki na nafasi ndogo ya kushuka kwenye shimo, gari linakuwa gumu, na jointi zinazopeleka nguvu kwenye tairi za mbele zinakaa kwa pembe kali, zinakufa mapema. Ndo maana ukiinua mbele, hata kidogo, lazima upeleke alaimenti na upange taa upya. Ukiruka hapo, tairi litakulipisha.

Mpaka hapo bado ni akili. Kusawazisha siyo kosa. Kosa lilikuja pale watu walipoifikia levo wakaipita.

Mwaka 1967 yalianza mashindano makubwa ya magari kwenye jangwa la Baja, Mexico. Pikapu zilizotengenezwa kwa jangwa lile zilikuwa na springi laini na pua iliyopanda, ili zikitua baada ya kuruka zisichimbe mchanga kwa mbele. Wengi wanasema vijana wa majimbo ya Carolina, Marekani, walichukua staili hiyo wakaipeleka barabarani: mbele juu kabisa, nyuma chini, kama mbwa aliyekaa. Jangwa hakuna, mruko hakuna, imebaki picha tu.

Ukikaa ndani ya gari hilo, boneti inakula barabara. Mtoto akikatiza mbele yako humuoni. Taa zako zinampiga machoni anayekuja. Uzito umerudi nyuma, tairi za mbele zinazokata kona zimepungukiwa mshiko.

North Carolina walichoka. Kuanzia tarehe 1 Desemba 2021, pikapu ambayo madigadi ya mbele yamezidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi ni kosa. Februari 2022, huko Virginia, mwanaume mmoja alifariki baada ya gari lake kugongana na pikapu ya staili hiyo. Familia na marafiki wakapaza sauti, na Machi ile ile gavana akasaini sheria. South Carolina wakafuata 2023.

Tusiwacheke. Huku kwetu tunaweka spesa kwenye IST na Noah kila siku, na sababu tunayo: barabara zina mashimo, na gari lilitengenezwa kwa lami ya Japani. Hiyo ni haja. Ila kuna yule anayemwambia fundi "ongeza tena kidogo" wakati shimo lilishavukwa zamani.

Yule mkulima wa 1925 hakuhitaji sheria ya inchi. Mzigo wenyewe ulimwambia gari limekaa sawa au halijakaa. Sisi tusiobeba kitu, tujiulize swali moja kabla ya kukaza bolti: nikikaa kwenye usukani, mtoto aliyesimama mbele ya boneti namuona?

Wewe gari lako umeliinua inchi ngapi, na alaimenti ulipeleka? Tuambie hapo chini, usione aibu.