Kuitafuta Talaka Daftarini: Mahakama za Wenyeji na Kuvunjwa kwa Ndoa katika Miji ya Kongo

Kamusi za Kiswahili sanifu hutoa neno talaka kwa jambo ambalo wasemaji wa Lubumbashi hulieleza kwa maneno mengine: kuachana, kuvunja ndoa, kurudisha mali. Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Talaka ilifika pwani pamoja na sheria ya Kiislamu, nayo huandamana na ndugu zake eda, rejea na khului. Mume hutamka, mke hukaa eda, na mahari aliyopewa hubaki yake, ila pale anapojivua ndoa mwenyewe kwa kurudisha alichopokea. Waungwana wa Kasongo na wa Kisangani waliifahamu sheria hiyo. Katanga ilikuwa na msingi mwingine. Mali ya Katanga si mahari ya pwani, kwa kuwa hupokewa na ukoo wa mwanamke, wala si na mwanamke mwenyewe. Hivyo ndoa haihesabiwi kuwa imekufa kabla ya koo mbili kuelewana juu ya mali hiyo, irudi yote, irudi nusu, au isirudi kabisa.

Kwa sababu hiyo mtafiti anayefungua madaftari ya mahakama za zamani akitafuta neno talaka, au mwenzake wa Kifaransa, hukosa sehemu kubwa ya anachokitafuta. Ndoa nyingi zilivunjika chini ya anwani nyingine: deni la mali, ugoni, mke aliyekimbilia kwao, mtoto anayegombewa. Daftari huonyesha madai ya fedha au ya mbuzi. Ndoa yenyewe imelala chini yake.

Kabla ya karatasi, ushahidi ulikuwa watu. Waliokuwapo wakati mali ilipotolewa ndio walioitwa iliporudishwa, na kumbukumbu yao ilitosha maadamu wote waliishi karibu. Kiasi cha mali nacho kilitofautiana. Kwa Waluba wa Katanga, wanaofuata ukoo wa baba, mali ilikuwa kubwa na ndiyo iliyowafunga watoto kwa upande wa mume. Kwa Wabemba, wanaofuata ukoo wa mama, mali ilikuwa ndogo, na watoto walikuwa wa ukoo wa mama hata ndoa ikidumu. Tendo moja la kuachana, basi, lilikuwa na uzito mbalimbali kulingana na kabila la wanaoachana. Jambo hili lilikuja kuwasumbua sana waamuzi wa mijini.

Dekreti ya 15 Aprili 1926 ndiyo iliyozipanga mahakama za wenyeji katika Kongo ya Wabelgiji. Machifu na wazee waliachiwa kuamua kesi za mila, chini ya macho ya msimamizi wa teritwari. Juu yao mwendesha mashtaka wa serikali alikuwa na uwezo wa kuitangua hukumu iliyotolewa kinyume cha sheria. Usimamizi wa namna hiyo hauwezekani bila maandishi, na hapo ndipo karani alipopata cheo chake. Wazee waliamua, yeye akaandika: majina ya wenye kesi, kijiji na kabila lao, dai, maneno machache ya mashahidi, hukumu. Ndoa iliyokuwa imekaa vinywani mwa koo mbili ikawa mistari michache mkononi mwa kijana aliyesoma kwa wamisionari.

Kwa mwanaisimu mistari hiyo ni hazina yenye mtego. Barazani watu walisema Kiswahili, Kibemba, Kiluba. Hukumu zilizowafikia wakubwa wa serikali, na hasa zile zilizochapishwa, zimeandikwa Kifaransa. Mali ikawa dot. Kuacha, kufukuza na kukimbia, vitenzi vitatu vyenye watenda watatu tofauti, vingeweza kumezwa na nomino moja. Anayesema “alimfukuza” ametaja mkosaji. Anayesema “alikimbia” ametaja mkosaji mwingine. Nomino ya kisheria haimtaji yeyote. Kosa la nani lilikuwa ndilo swali lililoamua kiasi cha mali kitakachorudi, kwa hiyo tafsiri haikuwa kazi ya mapambo.

Hukumu zilizochapishwa hupatikana hasa katika jarida la mahakama za wenyeji na sheria za mila lililoanza kutoka Elisabethville mwaka 1933. Hakimu Antoine Sohier, aliyeandika pia kitabu juu ya ndoa katika sheria za mila za Kongo (1943), alikuwa mmoja wa watu wake wakuu. Jarida hilo ni la lazima kwa yeyote anayeitafiti mada hii, lakini lisomwe kwa hadhari. Mahakimu walichagua kesi zilizowafundisha kitu juu ya sheria. Kesi ya kawaida, ambamo mume amechoka, mke amechoka, na mjomba amerudisha alichopokea bila kelele, haikuwa na la kufundisha. Anayehesabu talaka kwa kulisoma jarida hilo hupata hesabu ya yaliyowashangaza mahakimu.

Mjini mambo yalizidi kuchanganyika. Dekreti ya 23 Novemba 1931 iliruhusu kuundwa kwa makao ya wenyeji yaliyo nje ya himaya za mila, yenye chifu wake na mahakama yake. Huko Elisabethville mwanamke wa Kibemba aliweza kuolewa na mwanamume wa Kiluba, na walipoachana waamuzi walilazimika kwanza kuuliza: ndoa hii ilifungwa kwa mila ya nani? Wajomba walikuwa mbali, mashahidi wa mali walibaki kijijini, na mali yenyewe ilikuwa fedha za mshahara. Polepole mahakama za mijini zikatunga desturi zao, zisizo za kabila lolote. Desturi hizo hazikuandikwa katika sheria yoyote; ziko katika madaftari tu, na hii ni sababu nyingine ya kuyatunza.

Kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga, nayo ilikuwa na maandishi yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifuata siasa ya kumfanya mfanyakazi akae kambini na mke wake na watoto wake, badala ya kumrudisha kijijini baada ya miezi michache. Mke aliyeandikwa kwa jina la mfanyakazi alihesabiwa katika posho na katika nyumba. Akiachwa, alifutwa. Mstari uliofutwa katika karatasi za kambi ni habari ya talaka sawasawa na hukumu ya mahakama, hata kama hakuna mwamuzi aliyeutia sahihi.

Aliyefutwa aliitwaje? Hapa suala la kumbukumbu linageuka kuwa suala la jina. Katika miji kadhaa utawala ulitoza kodi wanawake waliosemekana kuishi peke yao: wajane, walioachwa, wake wa mitala ambao serikali haikuwatambua, pamoja na wanawake waliouza miili yao. Wote walitiwa katika fungu moja. Usumbura, katika Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Wabelgiji hao hao, wanawake Waislamu wa mtaa wa Waswahili wa Buyenzi waliikataa kodi hiyo katika miaka ya 1950. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1991, ameonyesha kwamba uchungu wao haukuwa wa fedha peke yake: kulipa kodi ile kulikuwa ni kukubali kuitwa malaya. Mwanamke aliyepewa talaka akamaliza eda yake alikuwa, katika sheria ya dini yake, mtu mwenye heshima kamili na huru kuolewa. Daftari la kodi halikuwa na safu ya heshima hiyo.

Wakati huo serikali ilikuwa ikiibana ndoa kwa maandishi zaidi. Dekreti ya 5 Julai 1948 iliilinda ndoa ya mke mmoja, na ile ya 4 Aprili 1950 ikazinyima nguvu ndoa za mitala zitakazofungwa baada ya 1 Januari 1951. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 ilikusudia kuweka mahakama za amani mahali pa mahakama za mila. Lakini pasipofunguliwa mahakama ya amani, baraza la mila liliendelea, na mahali pengi liliendelea kwa miaka mingi. Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyoanza kutumika mwaka mmoja baadaye na kurekebishwa mwaka 2016, ilikata shauri: hakuna talaka nje ya hukumu ya mahakama. Tamko la mume peke yake halitoshi, wala mapatano ya koo mbili juu ya mali.

Kwa sheria hiyo, mume au mke anayetaka kuachana hupeleka ombi kwa rais wa mahakama ya amani, akieleza sababu. Rais humsikiliza kwanza mwombaji, kisha huwaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Anaweza kuwatumia wazee au jamaa wenye busara katika kazi hiyo. Wakishindwa kupatana, kesi huendelea barazani, na korti ikiona kwamba ndoa imeharibika kiasi cha kutotengenezeka huivunja, ikaamua pia juu ya watoto. Suala la mali bado huangaliwa kwa mila ya wahusika. Koo, kwa hiyo, hazikutolewa nje ya ukumbi. Zimehamishiwa kiti cha nyuma.

Hukumu ikishakuwa ya mwisho hupelekwa kwa afisa anayeandikisha vizazi, ndoa na vifo, naye huitaja kwenye pambizo ya hati ya ndoa. Kwa ndoa za baada ya 1988, basi, mtafiti aanze na komuni ilikoandikwa ndoa, asome pambizo, kisha afuate hukumu hadi kwenye mahakama iliyotajwa. Kwa miaka ya nyuma njia hugeuka: aanze na jina la makao na mwaka, akijua kwamba Albert ya zamani ndiyo Kamalondo ya leo, atafute daftari la mahakama ya wenyeji, na alisome chini ya mali na ugoni kabla ya kutafuta neno jingine lolote. Majina yatamchelewesha, kwa maana mwanamke mmoja huweza kuonekana kwa jina la ubatizo, kwa jina la ukoo, au kama “mke wa” fulani tu, hata pale anapodai asiwe tena mke wa fulani huyo.

Zinabaki ndoa zilizofungwa kwa mila na kutoandikishwa kamwe, nazo ni nyingi. Kwa hizo hakuna hati, na pasipo hati hakuna pambizo. Mwanamke aliyeachwa katika ndoa ya namna hiyo, akitakiwa na ofisi athibitishe kwamba hana mume, hurudi palepale walipokuwa babu zake: huwatafuta waliokuwapo mali ilipotolewa, na kuwaomba waseme waliona ikirudi.