Kariakoo na Swali la Mpwa Wangu

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya kwa njia ya gazeti, juma hili nataka tuzungumze habari za jeshi. Si siasa za jeshi, la hasha. Ni swali dogo aliloniuliza mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amemaliza kidato cha sita na kurudi kutoka mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa akiwa amekonda, ameiva kwa jua, na anaamka saa kumi na moja alfajiri bila kuamshwa na mtu.

Alikuja nyumbani Jumapili mchana. Akatoa shikamoo, akala, akangoja mpaka vyombo vimeondolewa. Kisha akasema, "Mjomba, nataka kuomba niendelee na jeshi. Ila sijui nielekee wapi: nchi kavu, angani au majini. Wewe ni mtu wa kusoma, hebu nishauri."

Sasa mimi nilikuwa katika mtihani. Siku mbili kabla, dada yangu alikuwa amenipigia simu akinisihi nimkatishe tamaa mtoto wake. Sikutaka kumdanganya kijana, wala sikutaka ugomvi na dada. Nikamwambia avae viatu, tukapanda daladala mpaka Kariakoo.

Hapana shaka wengi wetu tunaponunua nyanya na vitenge pale hatujiulizi jina lile limetoka wapi. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, na eneo lile wakalifanya kambi ya kikosi chao cha wapagazi, ambacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Wenzetu wa Nairobi nao wanayo Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo.

Vita vile havikuwa na barabara za kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Ndiyo maana wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi kadhaa. Upande wa Uingereza peke yake unahesabiwa kutumia wapagazi wapatao milioni moja. Wajerumani nao walikuwa na wao. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Kule Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa kupita yote. Waliokufa katika orodha za serikali ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Wachache tu waliuawa na risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kibaya.

Mmoja wao alikuwa wa ukoo wetu. Baba mkubwa wa babu yangu alichukuliwa huko Unyamwezini mwaka 1917. Hakurudi, na hakuna karatasi iliyoletwa.

Kutoka Kariakoo tulitembea kwa miguu mpaka mjini, kwenye Sanamu ya Askari. Mnaijua: askari wa shaba, ameshika bunduki yenye singe, amesimama pale tangu mwaka 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, ambayo Waingereza waliiangusha walipoingia. Chini ya askari yule yameandikwa maneno ya ukumbusho kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na ndani yake wapagazi wametajwa. Lakini mtazame vizuri aliyesimama juu. Ni askari peke yake. Pale Nairobi, kwenye mnara uliojengwa karibu na wakati huo huo, mpagazi yupo pamoja na wenzake. Kwetu hapa mpagazi ameachiwa soko.

Nikamwambia mpwa wangu: umeona tofauti ya vikosi? Askari alipewa namba, sare, mshahara ulioandikwa, na mwisho akapewa shaba. Mpagazi alipewa mzigo. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Imo pia habari ya hapa Dar es Salaam: palikuwa na makaburi makubwa ya wapagazi, na wakubwa wa wakati ule wakaona heri yaachwe yamezwe na majani upesi iwezekanavyo.

Kijana akanyamaza. Tukakaa kivulini, tukanunua maji, nami nikamsimulia habari za babu.

Vita ya Pili ilipokuja, mwaka 1942 babu alikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Katika vita ile Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Wapo waliokwenda kwa hiari yao, wakitafuta mshahara, sare na kuona dunia. Wapo waliopelekwa, kwa maana machifu na majumbe walitakiwa kutoa watu. Safari hii vikosi vilikuwa vingi. Palikuwa na Keya, yaani King's African Rifles, askari wa miguu, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Palikuwa na kikosi cha kazi, watu wa sululu na koleo. Palikuwa na mizinga, simu, uhandisi, uuguzi na malori.

Msidhani kijana alifika akasoma orodha akachagua. Waingereza walikuwa na imani yao kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kupigana na makabila yaliyozaliwa kushika kalamu au jembe. Wakamba, Wanandi na Waacholi waliwekwa kwenye kapu la kwanza. Wakikuyu la pili. Ofisa alikutazama kimo na meno, akakuuliza umetoka wapi na umesoma nini, na hapo hapo kikosi chako kikajulikana.

Babu alisema mama yake alimshika mkono asubuhi ya kuondoka, akamwambia neno moja: "Nenda popote, ila usikubali kubeba." Basi babu alipofika mbele ya ofisa pale Tabora akasema hivyo hivyo kwa mkalimani: popote, ila si kubeba. Ofisa akacheka. Kwa kuwa babu alikuwa na darasa la nne na aliweza kusoma namba, wakampeleka kwenye malori. Babu akizeeka alipenda kutucheka sisi wajukuu kwa habari hiyo: "Niliapa sibebi, nikabeba miaka minne. Ila mzigo ulikuwa juu ya magurudumu, si juu ya kichwa."

Alifika Ceylon, kisha Burma, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 divisheni hiyo iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, mvua isiyokwisha. Malori yalizama kwenye tope mpaka ikabidi chakula na risasi zidondoshwe kwa ndege. Desemba wakafika Kalewa, wakauvuka mto Chindwin, na wahandisi wakatandika juu yake daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya meta 300. Jina hilo la Kalewa lilirudi nyumbani: kambi ya jeshi ya Tabora ilipewa jina hilo. Hali kadhalika hapa Dar es Salaam, kambi iliyoitwa Colito ilikumbusha mapigano ya Uhabeshi ya mwaka 1941, ambamo Keya ya sita, batalioni ya Tanganyika, ilipigana. Leo kambi hiyo ni Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Mpwa wangu akasema, "Basi Mjomba, heri kikosi cha nyuma kuliko cha mbele." Hapo nikamkata kauli. Hakuna ajuaye cha mbele ni kipi. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Ceylon. Ndani yake walikuwamo karibu watu 1,000 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mizinga hupiga kutoka nyuma. Askari wa miguu ndiye anayetangulia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga meli kwa topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika tatu hivi. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa. Vijana wale hawakupata kufyatua hata kombora moja huko Burma. Tofauti na wapagazi, majina yao yaliandikwa, na yapo kwenye mnara wa makaburi ya vita ya Nairobi.

Na waliorudi, walirudi na kile kikosi kilichowapa. Chukueni Wakenya wawili. Waruhiu Itote, Mkikuyu ambaye kwa imani ile hakufaa kupigana, aliingia Keya, akapigana Burma, akapata ukoplo. Miaka kumi baadaye dunia ilimjua kwa jina la Jenerali China, kamanda wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya. Vita vya msituni alikuwa amevionja kwa gharama ya Mfalme. Bildad Kaggia naye alikuwa mtu wa karani na stoo. Jeshi lilimpeleka Mashariki ya Kati mpaka Uingereza, akaona Wazungu wa kawaida wakifagia barabara zao wenyewe. Alirudi akaingia vyama vya wafanyakazi na siasa, na mwaka 1953 akafungwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Mmoja alirudi na ujuzi wa bunduki, mwingine ujuzi wa faili na watu. Mkoloni alidhani anapanga askari, kumbe anapanga wapinzani wake.

Babu yeye alirudi na udereva. Hakuwa na nishani ya ushujaa wala hakuhutubia mtu. Lakini aliendesha lori la pamba miaka mingi, akasomesha watoto sita, na mmoja wa watoto hao ndiye aliyenizaa mimi.

Tulipopata uhuru jeshi lilikuwa bado lile la Keya limebadilishwa jina tu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito wakaasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu. Jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka ule likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Milango mitatu anayoiuliza mpwa wangu, yaani nchi kavu, anga na majini, ilifunguliwa kwetu baada ya hapo. Babu hakuwa na mlango wa kurusha ndege. Tena ilipofika vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, mstari ulifutika: mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT waliingia wote mstari wa mbele pamoja na wanajeshi.

Jibu langu basi lilikuwa hili, na nawapa nanyi ambao mna vijana nyumbani. Kijana, omba unachokipenda, lakini jua kwamba jeshi ndilo litakalokupanga. Usiulize sare ipi inapendeza. Uliza watakufundisha kazi gani, na siku ukivua sare utabaki na nini mikononi. Na ukipangwa jikoni, stoo au kwenye lori, usijidharau, maana hakuna jeshi lililowahi kushinda bila watu hao.

Nasi tuliobaki uraiani tunalo deni. Sanamu ya Askari tumeitunza, vizuri. Lakini pale Kariakoo, ambapo jina lenyewe ni la wapagazi, sidhani kama ni gharama kubwa kuweka jiwe moja lenye maneno machache, mtoto akipita na mama yake asome.

Dada yangu hajafurahi. Anasema nilitumwa kuzima moto nikaongeza kuni. Pengine ana haki. Mimi sikuweza kumwambia mtoto wake kwamba jeshi ni baya, wala kwamba ni jema. Nilimwonyesha waliotangulia.

Tulipokuwa tunangoja daladala ya kurudi, kijana aliniuliza jina la yule mzee wa mwaka 1917. Nilimtajia, kama babu alivyonitajia mimi. Akatoa simu yake, akaliandika.

Ndugu msikilizaji, tukutane juma lijalo. Kwaheri.